Sindano ya Zhanqian

Nina kifafa. Naanza na neno hilo kwa sababu kwa miaka ishirini nililimeza kila siku pamoja na vidonge vyake. Leo naandika nikiwa mzima, Alhamdulillahi, na bado mkono umesita kidogo kuliandika. Naandika kwa ajili yako unayetapika usiku huu, na mkobani mwako mna dawa ambazo anayekuuguza hazijui. Mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Kilinianza Tanga, nikiwa na miaka 14. Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, machicha yametapakaa kifuani, na mama ananiita jina langu kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Bibi alisema ni shetani wa pwani. Nikafukizwa ubani, nikafungwa hirizi mbili. Watoto wa jirani wakakatazwa kula nami sahani moja, maana watu wengi kwetu waliamini povu la mwenye kifafa linaambukiza. Haliambukizi. Lakini mtoto akishatengewa sahani yake peke yake, maelezo ya daktari hayamrudishi kwenye sinia.

Mama ndiye aliyechoka na hirizi kwanza. Akanipeleka hospitali, nikaanzishiwa fenobabitoni, dawa kongwe inayotibu kifafa tangu 1912. Kuanguka kukapungua, ila nilisinzia darasani mpaka mwalimu akaniita Popo. Baadaye nikahamishiwa kabamazepini, vidonge asubuhi na usiku, na hiyo ndiyo iliyonipa maisha. Ukapita mwaka bila kuanguka. Ikapita miwili. Ikafika minne.

Aliponiposa mume wangu nilimwambia kabla ya ndoa. Alikaa kimya muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha akasema, "Hilo ni letu wawili." Alikuwa na nia njema, na mimi nikalipokea neno lile kama zawadi. Hakumwambia mama yake wala dada zake. Nikahamishia vidonge vyangu kwenye kopo la vitamini, na ukweni wote wakajua mimi ni mtu wa kujali afya. Wifi yangu mkubwa alikuwa akinitania: "Wewe na vitamini zako utazeeka lini?"

Tulikuwa na fremu Kariakoo, Mtaa wa Kongo, tukiuza magauni na nguo za watoto. Mwanzoni tulinunua kwa wanaokwenda China. Wifi alikuwa amekwenda mara nyingi, na 2018 akasema safari hii twende wote, nikajifunze kuchagua mzigo mwenyewe. Nikachukua akiba yangu, nikaongeza mkopo wa vikoba, nikamuachia mama watoto. Mume wangu alinisindikiza uwanja wa ndege. Aliponikumbatia alininong'oneza, "Dawa?" Nikapiga mkoba kwa kiganja. Tukamalizana hapo.

Tulifika Guangzhou Oktoba, msimu wa Maonyesho ya Canton, hoteli zote zimepanda bei. Wifi alitupatia chumba kwenye Barabara ya Zhanqian. Jina hilo maana yake ni "mbele ya stesheni", na kweli, ukitoka unaiona stesheni kuu ya treni na maandishi yake makubwa mekundu juu ya paa. Mtaa wenyewe ni nguo. Ghorofa juu ya ghorofa za nguo za jumla, mikokoteni ya chuma inakukanyaga visigino, wachukuzi wanapiga kelele, na kila mlango kuna kijana anafunga mzigo kwa gundi ya utepe, ile gundi pana inayolia krrraaa ikivutwa. Huongei lugha ya mtu. Unashika gauni, anakuandikia bei kwenye kikokotoo, unafuta unaandika yako, anashika kifua kana kwamba umemchoma kisu, anaandika nyingine. Nilipenda. Nakwambia kweli, siku mbili za kwanza nilikuwa na furaha kama msichana.

Kosa langu la kwanza lilianzia kwenye saa. Guangzhou wanatutangulia kwa saa tano. Dar mimi hunywa dawa saa mbili usiku, na kule saa mbili yetu ni saa saba ya usiku wa manane. Kwa woga wa kuvuruga ratiba nikaendelea na saa za nyumbani. Nikawa nakesha mpaka saa saba nimeze vidonge, kisha saa kumi na mbili asubuhi wifi ananiamsha twende sokoni. Usiku wa kwanza hivyo, wa pili hivyo. Mwenye kifafa yeyote anajua usingizi ni nusu ya dawa. Nilijua. Nikajiambia nitalala nikirudi Dar.

Siku ya tatu, Jumanne, jioni, tumbo likachafuka. Likaanza kwa kichefuchefu, ukafuata mtapiko ambao sijapata kuuona. Nilishika sinki la bafuni mpaka nikahisi mbavu zinaachana. Saa saba usiku nikameza dawa zangu kwa maji ya chupa. Hazikukaa hata dakika tano. Niliviona vidonge vyangu kwenye sinki, vizima, vyeupe.

Nikavitazama.

Ilitakiwa nimwamshe wifi wakati ule. Nimwambie: hizi si vitamini. Nilisimama mlangoni mwa bafu nikamsikiliza akikoroma. Nikarudi kitandani. Mchana wake nikameza tena, nikatapika tena.

Wifi alipoona siwezi kusimama alinipeleka kwenye zahanati ndogo kichochoroni, nyuma ya soko. Viti vya plastiki vimepangwa ukutani, na kwenye kila kiti mtu amekaa na dripu yake anaangalia simu. Mganga wa pale alikuwa kijana mpole. Alizungumza na simu yake, simu ikatusemea Kiingereza: unaumwa wapi, umeanza lini, una mzio wa dawa yoyote? Nikajibu. Kisha simu ikauliza: una ugonjwa mwingine wowote?

Wifi alikuwa amekaa ubavuni, ameshika mkoba wangu.

Nikasema hapana.

Simlaumu yule kijana. Aliuliza swali sahihi, akapewa jibu la uongo. Alinitundikia dripu ya maji ya chumvi, akavunja kichupa kidogo cha kioo, akaingiza dawa ya kuzuia kutapika kwenye mrija. Baadaye nilikuja kujua Wachina wameipa jina zuri dawa ile: wei fu an. Wei ni tumbo, fu ni kurudisha, an ni amani. Amani irudi tumboni. Kitaalamu ni metoklopramidi, na kwenye maduka ya dawa ya kwetu wengi wanaijua kwa jina la Plasil. Pengine hata wewe umewahi kuchomwa.

Na tumbo lilitulia kweli. Hilo lazima niseme. Baada ya nusu saa sikutapika tena, wifi akasema mashaallah, tukalipa tukatoka.

Tulikuwa tumeingia Zhanqian, hatujafika hotelini, miguu ikaanza kukataa kutulia. Kama kuna wadudu ndani ya mifupa. Nikamwambia wifi tutembee haraka. Kisha taya likavutika upande. Nikadhani ni uchovu. Kisha shingo.

Shingo ikageuka yenyewe. Kushoto. Ikaendelea kugeuka. Nikaishika kwa mikono miwili. Haikunisikiliza.

Macho yakapanda juu. Nikaona anga. Nyaya za umeme. Mabango. Sikuweza kuyashusha.

Wifi akapiga kelele. "Subhanallah! Una nini? Una nini wewe?"

Nilimsikia. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Kifafa changu hakinipi nafasi ya kusikia. Kifafa hunizima kama taa na kuniwasha baadaye. Safari hii nilikuwa ndani, macho, nasikia mikokoteni, nasikia gundi ikilia krrraaa, nasikia wifi anasoma Ayatul Kursiy, na mwili wangu unapindwa na mtu nisiyemwona. Bibi yangu amefariki zamani. Nilimkumbuka pale. Nikasema moyoni, kumbe bibi alikuwa sahihi.

Kisha nikazimika.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Nilianguka kati ya mikokoteni, nikajipiga kwa dakika kadhaa, povu likanitoka, nikang'ata ulimi. Watu wakazunguka, simu juu. Mchukuzi mmoja, mzee, aliacha mkokoteni wake katikati ya njia, akapasua boksi la karatasi akanilaza kichwa juu yake, akanigeuza ubavu. Mwingine alinibana kwa ukucha hapa, kati ya pua na mdomo; ndiyo desturi yao ya kumzindua mtu, na alama ya ukucha ule nilikaa nayo wiki nzima. Haisaidii kifafa, lakini sijamchukia aliyenibana. Yule mzee alinifuta povu kwa mkono wake mtupu. Wifi aliniambia hilo mara tatu, kama haamini: kwa mkono mtupu. Mwenye duka akapiga 120, gari la wagonjwa likaja.

Nikazindukia kwenye korido ya hospitali kubwa. Taa nyeupe. Ulimi umevimba umejaza mdomo. Nguo zangu zimelowa, na unajua zimelowa kwa nini. Wifi amesimama miguuni pangu, mtandio umemteleza begani. Hatukuwa tumetazamana bado, shingo ikaanza upya.

Nilijua inakuja. Nilitaka kusema. Taya likafunga.

Macho yakapanda.

Wauguzi wawili wakanishika mabega. Nikasikia mmoja anaita. Walidhani ni kifafa tena. Hata mimi ningedhani, kama ningekuwa nje. Nilikuwa natazama dari na siwezi kutazama kingine. Nikasema shahada kimoyomoyo. Nikawaza watoto. Mdogo alikuwa na miaka mitatu. Nikawaza kwamba nitabaki hivi, nimepinda, macho juu, nasikia kila kitu, na watanirudisha Dar hivyo hivyo, na mume wangu atapokea uwanja wa ndege kitu kinachomsikia lakini hakiwezi kumtazama.

Nimeandika aya hiyo mara nyingi nikiifuta. Naiacha.

Akaja daktari mwanamke wa makamo, nywele fupi. Sikumwona, nilisikia viatu. Akaweka vidole viwili ndani ya kiganja changu akasema kwa Kiingereza, polepole, "Minya mkono wangu."

Nikaminya.

"Minya mara mbili."

Nikaminya mara mbili.

Akasema jambo kwa Kichina, haraka, na muuguzi akakimbia. Mtu aliye katikati ya degedege la mwili mzima hawezi kuminya mara mbili akiambiwa. Kwa kuminya kule alijua hiki si kifafa. Ni misuli iliyovurugwa na dawa. Wenye ndugu wanaotumia dawa za magonjwa ya akili huenda wamewahi kuona: shingo inapinda, ulimi unatoka, halafu mgonjwa anapewa Artane anafunguka. Nikachomwa sindano ya kupinga ile ya kwanza. Hazikupita dakika nyingi. Nilihisi shingo inalegea kama kamba iliyofunguliwa fundo, macho yakashuka, na kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wa wifi.

Kijana mmoja Mtanzania anayefanya shughuli za kago alikuwa ameitwa kutafsiri. Daktari akaniuliza kupitia kwake: umewahi kuanguka kabla ya leo? Unatumia dawa gani? Usiniambie vitamini, tumeona namba kwenye kidonge.

Nikajibu kwa Kiingereza, nikidhani wifi hataelewa. Yule kijana, kwa wema wake, akageuka akamtafsiria kwa sauti: "Dada anasema ana kifafa. Tangu utotoni."

Korido ile ilikuwa na watu wengi lakini mimi nilisikia kimya. Neno nililolificha ukweni kote lilikuwa limesemwa, Kiswahili safi, na mtu nisiyemjua, wifi yangu akiwa mbele yangu. Mdomo wangu bado ulikuwa unavuja mate na damu. Nilisubiri arudi nyuma hatua moja. Nilikuwa nimezoea hatua ile tangu nina miaka 14. Hata sikuwa na kinyongo, nilikuwa naisubiri tu.

Wifi akachukua ncha ya mtandio wake, ule wa hariri alionunua Dubai, akanifuta mdomo. Akasema, "Miaka yote hii unanilisha vitamini." Kisha akalia.

Usiku huohuo alimpigia kaka yake. Sikupewa simu, lakini ukuta wa hospitali ni mwembamba. "Umenikabidhi mgonjwa hujaniambia ni mgonjwa. Ningemzika huku. Unanisikia? Ningemzika huku kwa sababu ya aibu yako." Baadaye mume wangu aliniambia kwamba alikaa ukingo wa kitanda mpaka adhana ya alfajiri, na asubuhi akaenda kwa mama yake kusema kila kitu. Mama mkwe alimjibu sentensi moja: "Basi mleteni nyumbani mwanangu."

Hospitali ilitaka amana kabla ya matibabu, ndivyo utaratibu wao ulivyokuwa. Wifi alitoa pesa za mzigo wake, si wangu. Watanzania wa Guangzhou wakachanga nyingine. Ijumaa wakaniombea dua baada ya sala kwenye msikiti wa Xianxian, ambao hauko mbali na stesheni, pale wengi wanapoamini amezikwa sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wana maneno yao juu ya kaburi lile. Mimi nilichojua ni kwamba mtu aliniombea mahali hapo, na siku nne baadaye nilitoka kwa miguu yangu.

Niliporudi Dar nilimuuliza daktari wangu wa mishipa ya fahamu kitu kimoja tu: ni ile sindano? Nilitaka aseme ndiyo, nipate wa kumlaumu badala yangu. Hakunipa raha hiyo.

Alinieleza hivi. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoonja damu, ikihisi sumu inaamuru tumbo litapike. Metoklopramidi, iliyogunduliwa Ufaransa mwaka 1964, inaziba masikio ya sehemu ile, isiisikie kemikali iitwayo dopamini. Tatizo ni kwamba haiishii hapo. Inapenya mpaka kwenye sehemu ya ubongo inayoongoza misuli, nako dopamini inahitajika. Ndiyo maana wengine, hasa watoto na wanawake vijana, hupindwa shingo na macho. Hilo lilikuwa la sindano, halina ubishi. Kuanguka kwenyewe ni hesabu ndefu zaidi: dozi mbili za kabamazepini zilizotoka na matapishi, usiku tatu bila usingizi, mwili uliokauka maji, na juu yake dawa ambayo karatasi zake zenyewe za maelezo zinaonya isipewe mwenye kifafa kwa kuwa inaweza kuzidisha vipindi vya kuanguka. Mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya waliibana: isizidi siku tano, mtu mzima asizidi miligramu 30 kwa siku, na mwenye kifafa asipewe.

Nikamuuliza, basi inajulikana ni watu wangapi imewaangusha? Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa deni la zamani. Mengi yanayojulikana, akasema, yametoka kwenye taarifa za madaktari kuhusu mgonjwa mmoja mmoja: huyu alipewa, akaanguka, yule alipewa, akapindwa shingo. Tafiti kubwa zinazowatazama wenye kifafa wenyewe, wakilinganishwa waliopewa na wasiopewa, ni chache mno. Kwa hiyo madaktari wanakaa upande wa tahadhari. Na kundi jingine la dawa za kichefuchefu, la jamii ya prometazini na proklorperazini, nalo lina onyo la aina hiyo kwa sisi. Domperidoni haipenyi sana kwenye ubongo, lakini inataka uangalifu kwa wenye shida za moyo. Ondansetroni inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa na ndiyo madaktari wengi huikimbilia kwa wagonjwa kama mimi, ingawa nayo inagusa mapigo ya moyo. Hakuna hata moja ya kujinunulia dukani kwa kusoma makala, hii yangu ikiwemo. Ndiyo kazi ya daktari kupima. Kazi yetu ni kumpa cha kupimia.

Nikatoka pale nimekasirika, nakiri. Shirika la Afya Duniani linasema wenye kifafa ulimwenguni ni kama milioni 50. Sote tunatapika. Tunapata malaria, tunakula vibaya, tunabeba mimba. Dada zangu wenye mimba changa nawawaza zaidi, maana kutapika kwao ni kwa kila asubuhi na vidonge vya kifafa vinatoka na matapishi, na pale zahanati dawa ya kwanza inayofikiwa na mkono wa muuguzi ni hii hii. Mtu angetuhesabu. Ila siwezi kudai nihesabiwe na huku nimejiandika "vitamini".

Hofu haijaisha. Sikudanganyi. Kariakoo nako wanafunga mizigo kwa gundi ile ile, na kila inapolia krrraaa mkono wangu unapanda shingoni wenyewe. Wateja wanadhani nina jasho. Nikipata kichefuchefu kidogo tu, hata cha kupanda daladala, nahesabu vidonge kichwani. Kwa idhini ya Mungu sijaanguka tena tangu siku ile.

Nilirudi Guangzhou mwaka uliofuata. Nilipita Zhanqian mahali nilipoangukia nikimtafuta yule mzee wa mkokoteni. Sikumpata, na wachukuzi wote walinishangaa mwanamke wa Kiafrika anayewatazama usoni mmoja mmoja. Dawa nilikunywa kwa saa nilizopangiwa na daktari kabla ya safari, si kwa kubahatisha, na alinieleza mapema nifanye nini nikitapika baada ya kumeza. Muulize wako swali hilo kabla hujaumwa. Ukiwa umeinamia sinki huwezi kufikiri.

Na kama umeinamia sinki sasa hivi, mwite aliye chumba cha pili. Mwambie neno lenyewe, kifafa, na umwambie jina la dawa yako. Mwambie alirudie neno hilo kwa yeyote atakayeshika sindano kabla hajavunja kichupa.

Yule daktari wa nywele fupi aliniandikia karatasi kwa mkono siku ya kuondoka, mistari miwili ya Kichina: mgonjwa huyu ana kifafa, asipewe metoklopramidi. Chini yake nimeongeza Kiingereza na Kiswahili, nikaiwekea plastiki Kariakoo kwa shilingi elfu moja. Iko kwenye pochi yangu, nyuma ya kitambulisho. Nakala ya pili anayo wifi.